Kubomoa na Kupangua: Habari za Nyumba Yetu ya Karurumo

Kiswahili kina vitenzi vingi vya kuiondoa nyumba mahali iliposimama, na vitenzi hivyo havina uzito mmoja. Kubomoa ni kuvunja bila kujali kitakachosalia. Kuezua ni kuliondoa paa lililoezekwa. Kubandua ni kukitoa kilichobandikwa, na kung'oa ni kwa nguzo na misumari. Kisha kuna kupangua, yaani kukiondoa kimoja kimoja kilichopangwa, kwa kufuata mpangilio ule ule uliokijenga, ila tu mtu huanzia mwisho akarudi mwanzo. Wanafunzi wenzangu wa mofolojia watakumbuka kwamba hii ndiyo kauli ya kutendua: funga na fungua, ziba na zibua, ezeka na ezua, panga na pangua. Mwenye kupangua sharti akijue kitendo cha kwanza. Mwenye kubomoa hahitaji kujua lolote. Hata kisarufi, kubomoa kumekaa pweke, kwani hakuna kitenzi cha kujengea tunachokitumia leo kilichosimama upande wake wa pili.

Tofauti hii ilikuwa kwangu jambo la darasani hadi mwezi wa Agosti mwaka wa 2019, ukoo wetu ulipokutana kuamua litakalofanywa kuhusu nyumba ya nyanya. Kwetu ni Karurumo, soko dogo katika eneo la Runyenjes, mashariki mwa Embu, mahali ambapo miteremko ya Mlima Kenya huanza kulegea kuelekea nchi kavu ya Mbeere. Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba vinne. Nguzo zake zilikuwa za muuru, mti ambao Waingereza waliuita mwaloni wa Meru na wataalamu wa mimea huuita Vitex keniensis. Kuta zilikuwa za mbao za muringa, na paa lilikuwa la mabati. Juu ya mlango wa mbele palikuwa pamechongwa tarakimu nne: 1947. Tarakimu hizo zilinisumbua tangu nilipojifunza hesabu, kwa sababu shamba tunaloishi ukoo wetu ulilipata mwaka wa 1960. Vipi nyumba iwe na umri mkubwa kuliko mahali iliposimama?

Jibu la swali hilo si la ukoo wetu peke yake, na kwa hivyo naomba msomaji aniruhusu nirudi nyuma kidogo.

Mtu akipita leo katika nchi ya Waembu, Wameru na Wagikuyu, hataona nyumba za kale. Ataona za mawe, za matofali, za mbao na za udongo, lakini ni adimu kuona iliyosimama mahali pake tangu kabla ya mwaka wa 1954. Wengi hudhani kwamba sababu ni udhaifu wa vifaa, kwamba miti na nyasi haziwezi kushindana na mchwa na mvua. Hiyo ni sehemu ndogo ya ukweli. Hali ya hatari ilitangazwa nchini Kenya tarehe 20 Oktoba 1952. Mwezi wa Juni mwaka wa 1954 serikali ya kikoloni iliamua kuwakusanya watu wa maeneo hayo katika vijiji vilivyolindwa, ili wapiganaji wa Mau Mau walioko msituni wakose chakula na habari. Kabla ya mwaka wa 1955 kwisha, watu zaidi ya milioni moja walikuwa wamehamishiwa katika vijiji zaidi ya 800. Nyumba zao za awali zilivunjwa, na nyingi zilichomwa moto ili wasipate pa kurejea. Vijiji vipya vilizungushiwa mahandaki na miti iliyochongwa ncha, nyumba zikapangwa kwa mistari iliyonyooka chini ya macho ya mnara wa walinzi. Na kwa kuwa wanaume wengi walikuwa kizuizini au msituni, kazi kubwa ya kuzijenga nyumba hizo iliwaangukia wanawake, waliokuwa pia wakilazimishwa kuchimba handaki kubwa la kuutenga msitu wa Mlima Kenya na mashamba.

Hapa nina neno dogo kwa wapenzi wa isimu. Katika Kigikuyu na Kiembu, mucii ni makazi ya mtu: mji wake, wake zake, watoto wake, mifugo yake na ghala zake. Neno hilo ni ndugu wa damu wa mji wetu wa Kiswahili, ambao nao katika matumizi ya zamani ulikuwa na maana ya makazi ya jamaa kabla haujawa na barabara na taa. Kijiji, kwa umbo lake, ni mji mdogo. Mwaka wa 1954 miji mingi ya jamaa ilivunjwa ili kukipata kijiji kimoja, na kijiji hicho kikawa na watu wengi kuliko mji wowote uliowahi kuonekana katika miteremko hiyo. Sijui kama palipata kuwa na udogishi uliodanganya zaidi ya huo.

Uhamisho wa pili ulifuata upesi. Mpango wa kilimo uliotungwa na Roger Swynnerton, ambao pia ni wa mwaka wa 1954, ulitaka vipande vya ardhi vya kila jamaa vilivyotawanyika huku na huko viunganishwe viwe shamba moja lenye mipaka iliyopimwa na hati. Kazi hiyo ilipokamilika, watu waliruhusiwa kutoka vijijini, lakini wengi hawakurejea mahali walipozaliwa. Walikwenda katika shamba walilopimiwa. Kwa hiyo katika muda usiozidi miaka kumi nyumba ya mwananchi wa kawaida ilipoteza mahali pake mara mbili: kwanza kwa amri ya vita, kisha kwa kamba ya mpimaji.

Sasa litazame upande wa pili. Mjini Meru, makavazi yamo katika jengo la mawe lililokuwa ofisi ya Mkuu wa Wilaya wa kikoloni. Jijini Nairobi, ofisi ya zamani ya Mkuu wa Mkoa, iliyojengwa mwaka wa 1913, ni jumba la sanaa. Nyumba ya Karen Blixen, iliyojengwa mwaka wa 1912, ni makavazi tangu 1986. Mjini Nyeri, kijumba alimoishi Baden-Powell mwishoni mwa maisha yake kingali kinaonyeshwa kwa wageni. Siwaonei wivu waliozihifadhi nyumba hizo, na nimezitembelea baadhi yake kwa furaha. Nasema tu kwamba historia ya nchi yetu katika karne iliyopita, mtu akiisoma kwa majengo, ataiona kuwa ni historia ya watu waliokuwa na mawe na walioachwa wakae mahali pamoja. Nyumba ya aliyetawaliwa haikuachwa itulie hata ikafikia umri wa kuhifadhiwa.

Ndiyo maana nyumba ya nyanya ilikuwa jambo lisilo la kawaida. Ilikuwa imehamishwa mara mbili na bado ilikuwa nyumba ile ile.

Aliyeijenga ni baba mkwe wa nyanya, ambaye alijifunza useremala misheni na akawa miongoni mwa wa kwanza upande wetu kujenga nyumba ya pembe nne yenye mbao. Alifariki mwaka wa 1951. Nyanya aliolewa katika nyumba hiyo mwaka wa 1952, na miaka miwili baadaye akatakiwa kuiacha. Mumewe, yaani babu yangu, alikuwa tayari amechukuliwa akapelekwa katika kambi za Mwea. Habari tuliyoipokea sisi wajukuu ilikuwa fupi: kwamba nyumba ilitoka kwenye kitongoji cha zamani ikaenda kijijini, ikatoka kijijini ikaja hapa. Ni nani aliyeitoa, hatukuambiwa, nasi hatukuuliza. Tulidhani ni wanaume wa ukoo.

Katika kikao cha mwaka wa 2019, ami yangu mkubwa alisema wazi kwamba nyumba sharti iondoke. Sababu zake zilikuwa njema. Mchwa walikuwa wameila pembe ya nyuma, paa lilivuja, na mahali iliposimama ndipo mahali pa pekee katika shamba panapofaa kujengwa nyumba ya mawe, kwa kuwa huko chini ardhi huteleza wakati wa mvua za masika. Isitoshe, alikuwa amepata mnunuzi. Siku hizi kuna wafanyabiashara wanaozunguka vijijini wakinunua mbao kuukuu za miti ya asili, ambayo haipatikani tena madukani, kwa ajili ya watengenezaji wa samani wa Nairobi. Mnunuzi huyo alitaka kuja na vijana wenye nyundo na mitaimbo, wafanye kazi siku moja na lori liondoke jioni. Nyanya, ambaye wakati huo alikuwa na miaka themanini na sita, alisikiliza yote akiwa ameegemea nguzo ya ukumbi. Mwishowe akasema neno moja tu: kwamba nyumba hii haijawahi kuvunjwa, na kwamba wakitaka kuiondoa waiondoe kama ilivyokuja.

Nilipewa mimi jukumu la kuandika, kwa kuwa ndimi niliyekuwa na daftari. Alitafutwa fundi mzee kutoka upande wa Kyeni, na mnunuzi akaambiwa asubiri.

Kabla sijaeleza tulichokiona, sina budi kuitaja hoja inayotupinga, kwa maana ni hoja nzito. Mkataba wa Venice wa mwaka wa 1964, ambao hadi leo ni msingi wa taaluma ya uhifadhi duniani, unasema katika kifungu chake cha saba kwamba jengo la kihistoria haliwezi kutenganishwa na historia linayoishuhudia wala na mahali lilipo, na kwamba halifai kuhamishwa isipokuwa pale usalama wake unapodai hivyo au pale maslahi makuu ya kitaifa au ya kimataifa yanapohalalisha. Ni kauli ya watu waliozoea makanisa na makasri. Hata hivyo, mwaka ule ule wa 1964 kazi ya kulihamisha hekalu la Abu Simbel ilianza nchini Misri, likakatwa vipande na kupandishwa juu ili lisimezwe na maji ya bwawa la Aswan. Na kabla ya hapo, tangu mwaka wa 1891, makavazi ya Skansen jijini Stockholm yalikuwa yakizikusanya nyumba za wakulima wa Sweden, zikipanguliwa huko zilikokuwa na kusimamishwa upya mjini.

Afrika Mashariki nayo ina mifano yake. Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka wa 1967, kina nyumba za jamii mbalimbali za Tanzania zilizojengwa kwa ukubwa wake halisi. Bomas of Kenya, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 jijini Nairobi, ilifanya jambo kama hilo kwa makazi ya jamii za Kenya, na Makavazi ya Kisumu yana mji kamili wa Kijaluo. (Napenda kwamba Watanzania husema makumbusho pale ambapo sisi Wakenya husema makavazi. Neno lao limebeba kazi ndani yake: ni mahali panapokumbusha.) Lakini nyumba hizi ni za kielelezo. Ni nyumba ya Mjaluo, nyumba ya Mnyakyusa, nyumba ya Mhaya, kwa umoja usio na jina. Hakuna aliyezaliwa humo. Zinatufundisha jinsi watu walivyojenga, nalo ni jambo kubwa, lakini haziwezi kutueleza lililompata mtu fulani mwezi wa Juni mwaka fulani. Kwa hilo huhitajika mbao zenyewe.

Tulianza na mabati, kisha mapaa, kisha tukafika kwenye viungo vya nguzo na boriti. Seremala yule wa mwaka wa 1947 hakutumia misumari katika mifupa ya nyumba. Alichonga ulimi mwishoni mwa kila boriti na tundu katika kila nguzo, kisha akakaza kwa kigingi cha mti. Fundi wetu alipokipangua kiungo cha kwanza alicheka kwa furaha, akaniita nione. Kando ya ulimi palikuwa na mkato mmoja mdogo wa patasi, safi kama herufi. Kando ya tundu palikuwa na mkato mwingine mmoja. Kiungo cha pili kilikuwa na mikato miwili hapa na miwili pale. Hivyo hivyo hadi kiungo cha kumi na sita. Ni desturi ya mafundi wa mbao katika nchi nyingi: nyumba huchongwa chini, kila kiungo hutiwa alama ili kimjue mwenzake, halafu ndipo husimamishwa. Nyumba yetu ilikuwa imeandikwa tangu siku ya kwanza. Chokaa ya miaka mingi ndiyo iliyoyafunika maandishi.

Ajabu ilikuwa kwamba palikuwa na alama nyingine. Juu ya nguzo nane, wala si zote, kulikuwa na mikato mipana, mibaya, iliyokwenda kombo, ambayo fundi aliitambua mara moja kuwa ni ya panga. Nayo ilikuwa imehesabiwa, moja hadi nane, lakini hesabu yake haikulingana na ile ya patasi. Nguzo ya nne kwa patasi ilikuwa ya pili kwa panga. Ya kumi na moja ilikuwa ya tano. Wenzangu waliopata kulinganisha miswada miwili ya utenzi mmoja, iliyonakiliwa na waandishi tofauti kwa hati za Kiarabu, watafahamu hali niliyokuwa nayo. Nilijaza kurasa sita za daftari nikijaribu kuona kama ni makosa ya mnakili au kama ni utungo mwingine. Jioni ya siku ya pili nikaona: alama za panga zilikuwa za nyumba ndogo. Zilikuwa za vyumba viwili, vyenye mlango upande wa kando. Ilikuwa nyumba ya kijijini.

Nilimpelekea nyanya daftari na kumwuliza ni nani aliyezikata alama hizo. Akapitisha kidole juu ya nguzo iliyolala uani.

"Ni mimi," akasema. "Tulipewa siku nne. Siku ya kwanza nililia. Siku ya pili nikaona kwamba zile za baba mkwe zilikuwa nyingi mno, na kule kijijini tulionyeshwa kipande cha hatua kumi kwa hatua nane. Basi nikachagua zitakazotosha nikazikata zangu."

Ami alikuwa amesimama nyuma yangu. Akamwuliza mamaye kwa nini hakupata kuwaambia. Nyanya akamjibu kwamba baba yenu aliporudi mwaka wa 1959 alizikuta nguzo zote, zile nane zilizosimama na zile nyingine alizozifukia yeye chini ya mabua ya mahindi katika shamba la zamani ili zisichomwe, na walipopimiwa shamba hili akaisimamisha nyumba kama ilivyokuwa kwa baba yake. Akafurahi sana. Watu wakaja kumpongeza. Hapakuwa na haja ya kusema.

"Lakini mama, ulijuaje namna ya kuzipanga? Hukuwa umesoma."

"Sikujua kuandika. Nilijua kuhesabu."

Sitalipamba jambo hili. Ninalolidai ni hili tu: kwamba katika nchi ya Embu, Meru na Gikuyu kumekuwa na namna ya kuhifadhi nyumba ambayo haikutegemea kubaki mahali pamoja, na kwamba uhifadhi huo umo zaidi katika ujuzi wa kupangua na kupanga kuliko katika mbao. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka wa 1938, ameeleza kwamba nyumba mpya ya Mgikuyu ilipaswa kukamilika kwa siku moja, na kwamba moto wa kuuwashia ulibebwa kutoka nyumba ya zamani. Kwa mtazamo huo, nyumba ni ile ile maadamu moto ni ule ule. Wenzetu wa Buganda walilithibitisha jambo hili kwa njia ya uchungu. Makaburi ya Kasubi, yaliyoorodheshwa na UNESCO mwaka wa 2001, yaliteketea usiku wa tarehe 16 Machi 2010. Kujengwa upya kulichukua miaka mingi, na mwaka wa 2023 yakaondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Hakuna aliyeweza kuzirudisha nyasi zilizoungua. Kilichorudisha nyumba ni ujuzi wa watu, hasa wa ukoo wa Ngeye ambao kazi ya kuezeka ni dhamana yao ya jadi.

Ikiwa ni hivyo, basi ujuzi usipoandikwa wala kurithishwa, mbao zenyewe hazitatufaa. Mwenye kuzinunua angeziona alama zile kuwa ni kasoro na kuziondoa kwa randa.

Sheria haingetusaidia. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Urithi ya mwaka wa 2006 inaruhusu majengo yatangazwe kuwa ya kuhifadhiwa, na Katiba ya mwaka wa 2010 imezikabidhi kaunti masuala ya makavazi. Lakini ni ofisi gani itakayotangaza nyumba ya mkulima wa Karurumo, na hata ikitangaza, ni nani atakayelipia dawa ya mchwa? Nyumba za namna hii huhifadhiwa na wenyewe au hazihifadhiwi.

Tatizo lililotukabili baada ya hapo silo nililolitarajia. Habari za mnunuzi hazikutajwa tena. Ubishi ulikuwa juu ya nyumba ipi. Fundi alitaka kufuata patasi, kwa kuwa ndiyo kazi ya seremala halisi, na kwa kweli ilikuwa nzuri mno. Ami naye alitaka vyumba vinne, kwa heshima ya babu yake na ya baba yake. Mimi nilikuwa na upande wangu, lakini mwandishi wa kikao hapigi kura. Zaidi ya hayo, tulipozigonga nguzo moja moja tuliona kwamba tano kati ya kumi na sita zilikuwa tupu ndani, zimebaki ganda. Kuirejesha nyumba ya mwaka wa 1947 kungetaka nguzo mpya tano, na muuru wa umri ule haupatikani kwa urahisi. Zile nane za panga zilikuwa nzima zote. Alikuwa amechagua vizuri.

Mashauri yalichukua siku tatu. Ami alikwenda mwenyewe kumwuliza mamaye angependa kulala katika nyumba ipi. Aliporudi hakutueleza alichoambiwa. Alimwambia fundi apime hatua kumi kwa nane, upande wa chini wa shamba, juu kidogo ya migomba, pale ambapo ardhi haitelezi sana, na mlango uwe upande wa kando.

Nguzo zilisimamishwa mwezi wa Septemba kwa siku mbili, si moja kama desturi inavyotaka, kwa kuwa mvua ilitukatiza. Tulibadilisha mbao tisa za ukuta. Kwa maelekezo ya fundi, mbao hizo mpya za muringa hazikupakwa rangi ili zitambulike kuwa ni ngeni. Nyanya akaagiza makaa yatolewe katika jiko la zamani, akawachagua vitukuu wawili, mvulana na msichana, wayabebe katika kigae cha chungu. Mmoja wa ami zangu wadogo, aliye mtu wa kanisa, alinung'unika kidogo kuhusu mambo ya ushenzi. Nyanya akamwambia kwamba makaa ni makaa, na kwamba anataka chai.

Aliishi humo hadi mwaka wa 2022 alipotuaga. Nyumba ya mawe ya ami ilikamilika kabla ya hapo, na ni nyumba njema, isiyovuja. Ile ya nyanya sasa hulala wageni wakati wa sherehe, na kwa siku nyingine huwekwa kahawa na vyombo vya shamba. Mchwa wanaizunguka, na kila mwaka sharti mtu azikague nyayo za nguzo na kuzimwagia dawa. Tarakimu za 1947 zilibaki juu ya mlango, ingawa wapo wanaosema kwamba zilipaswa kuongezewa nyingine, na bado hatujakubaliana kuhusu ni zipi.

Nguzo tatu za alama za patasi zilizokuwa nzima na zisizohitajika zimelazwa juu ya mihimili ya ghala la ami, zimefungwa kwa turubai. Mwaka jana aliniomba nakala ya daftari. Nilimpelekea kurasa zote ishirini na mbili, pamoja na michoro ya viungo na jedwali la alama kwa safu mbili, ya patasi na ya panga. Akanipigia simu wiki iliyofuata kuniuliza kama nina uhakika kwamba nguzo ya kumi na moja ndiyo ya tano, maana yeye amekwenda kuitazama kwa kurunzi na anaona mikato sita.